Mkarafuu wa Kisimani

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri, ikakatika saa mbili. Tumewapulizia ng'ombe dawa ya kupe, wote kumi na mmoja. Masikioni, mapajani, chini ya mkia. Masika haya kupe wamezidi. Pandu kashika kamba, mimi nimeshika pampu. Mgongo unauma. Nna miaka sitini na moja, na mingi katika hiyo nimesimama mbele ya ubao wa skuli mjini, si nyuma ya ng'ombe. Lakini shamba la Donge ni la baba na hakuna mwengine wa kulitazama.

Maksai wanne wa sikukuu ya Iddi wanakwenda vizuri. Mbavu zimeanza kufichika. Nimemwambia Pandu aongeze mashudu ya nazi jioni, na asiwafunge kwenye tope. Mmoja kwato yake inanuka.

Kijivu, fahali wetu, kakataa tena njia ya kisimani. Anafika kwenye mgomba wa mwisho, anakita miguu, anapuliza puani. Kamba imemchubua Pandu kiganja. Tunamchotea maji na kumpelekea, ndoo sita kila siku. Pandu yuko hapa tangu Januari tu, anadhani ni ukaidi wa mnyama. Sikumwambia kitu.

Kabla hajenda kula aliniuliza ni nani anayepiga mluzi asubuhi upande wa kisima. Miwili mirefu, kimya, halafu mmoja mfupi. Nikasema watoto.

Si watoto. Huo ulikuwa mluzi wa Makame wa kuwaita ng'ombe. Makame alifanya kazi hapa kabla ya Pandu. Amekufa Septemba.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeizunguka mikarafuu yote na kopo la chokaa, natia alama matawi ya kukatwa. Tawi kavu likatwe sasa, lisingoje kuvunjika. Likatwe karibu na shina, kisibaki kisiki cha kuingiza maji, na jeraha lipakwe rangi. Baba alinifundisha hivyo. Makame alinikumbusha kila mwaka.

Mtamba amefungwa kwenye mkarafuu mchanga, gome limeshachubuka pande zote. Nimemgombeza Pandu. Mti wa miaka mitano unauliwa na kamba ya asubuhi moja. Akaomba radhi. Mtu mzima, mpole. Nikajuta sauti yangu.

Mkarafuu wa kisimani sikuutia alama. Pandu akauliza kwa nini, maana ndio mbovu kuliko yote. Tawi kubwa limekatika, na pale lilipokatikia pana tundu jeusi. Lakini upande wa pili umejaa majani mapya mekundu, mengi kuliko mti wowote shambani. Juu, kwenye panda, inaning'inia ngoe ya Makame, fimbo yenye ndoano aliyokuwa akivutia matawi. Hakuna aliyepanda kuiteremsha. Upepo ukija, inagonga shina.

Nikamweleza kwa kifupi. Msimu uliopita Makame alipanda kuchuma, tawi likakatika naye, akafa garini kabla hatujafika hospitali. Mti ulikuwa umeliwa na mchwa ndani. Nilimkataza asiupande. Hakusikia.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeyasoma ya jana. Nimeandika uongo katika daftari langu mwenyewe, ambalo halisomwi na mtu.

Sikumkataza.

Yeye ndiye aliyenijia Aprili ya mwaka jana akaniambia mti umeoza, tuukate kabla ya msimu. Nikasema tungoje. Mkarafuu unaokufa huzaa sana, na niliyataka yale mazao ya mwisho. Septemba akauchuma chini kote kwa ngoe, amesimama kwenye ngazi. Juu akakuacha. Nikamwambia juu kumebaki karafuu nyingi. Akasema, "Bi Raya, mti huu naogopa."

Nikamwambia, "Panda taratibu."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nikarudi kwenye jamvi kuchambua. Nilikuwa na karafuu mkononi niliposikia tawi.

Watu walikuja mbio. Hawajaniuliza lolote, ulimi ukasema: nilimkataza. Nikamwambia sheha hivyo hivyo. Na polisi. Na mkewe. Kila nilipolirudia neno lilikuwa jepesi zaidi. Jana limeandikika lenyewe.

Jumatatu, 21 Aprili

Ndama wa ng'ombe mweusi hali tangu juzi. Tezi ya chini ya sikio imevimba, ukiishika kama ndimu. Ndigana. Kupe tu, kupe mmoja aliyetupita. Bwana mifugo kaja kutoka Mahonda, kamchoma sindano, kasema tumechelewa lakini tumtazame.

Saa nne kasoro nilikuwa nimemshika ndama kichwa. Nikausikia. Mimi mwenyewe. Miwili mirefu. Kimya. Mmoja mfupi.

Ng'ombe waliokuwa wamelala wakainua vichwa vyote pamoja, wakatazama kisimani.

Nikamuuliza bwana mifugo kama kasikia. Akasema, "Nini?" na kuendelea kufunga mkoba wake. Pandu aligeuka. Alikuwa ananitazama mimi, si kisima.

Jumatano, 23 Aprili

Ndama kafa jana. Tumemzika mbali na malisho.

Leo nimeshuka mjini kununua dawa ya kupe na rangi ya kupaka miti. Nikamaliza Darajani mapema, nikafungua nyumba yangu ya Mkunazini, nikakaa ukumbini peke yangu na viatu miguuni. Kuta za mawe, kiza cha mchana, sauti za watu uchochoroni. Hakuna mluzi. Nikaona nafuu, halafu nikaona haya kwa nafuu yenyewe.

Jirani yangu Maalim Suleiman nilimsomesha darasa la tano. Sasa yeye ndiye anayesomesha Kurani chuoni. Nikamwambia nataka kumsomea khitma mtu aliyekufa shambani kwangu. Akakubali. Nikamuuliza, kama mtu alikufa na deni la neno juu yake, neno la kusingiziwa, khitma inaliondoa?

Akafikiri. Akasema, "Mwalimu, dua inamfikia maiti. Lakini haki ya mtu inarudishwa na aliyeichukua."

Hakuniuliza zaidi. Nadhani ameelewa. Nimerudi Donge na makopo mawili ya rangi mapajani.

Jumapili, 27 Aprili

Khitma imesomwa. Watu thelathini na kitu. Wali, mchuzi wa nyama, ndizi. Nimefukiza ubani mpaka kisimani.

Time kaja tangu asubuhi. Mjane wa Makame. Eda yake ilimalizika mwezi wa Januari, lakini bado anatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani, anaogopa yasimwagike. Hakuitwa kufanya kazi. Akafunga kanga kiunoni, akaosha masufuria yote. Alipokuwa anaondoka akanibusu mkono.

"Shikamoo, Bi Raya. Mungu akulipe kwa kumkumbuka. Wengine washamsahau."

Nikasema marahaba. Mkono nimeuosha mara tatu. Sijui nilikuwa naosha nini.

Jumatatu, 28 Aprili

Saa nne. Miwili mirefu, kimya, mmoja mfupi. Siku moja tu baada ya khitma.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua siku tano. Malisho ya bondeni yamejaa maji, tumewahamishia ng'ombe juu, kwenye nyasi za minazini. Wanakula kidogo. Kwato ya maksai imepona, imebaki kovu. Pandu anakata majani na kuyatandaza juani kila jua likitoka, yasiwavimbishe ng'ombe matumbo.

Ngoe imegonga shina mchana kutwa. Nimejifunza kuisikia hata nikiwa jikoni. Nikaziba dirisha kwa gunia.

Alhamisi, 8 Mei

Leo tumepanda miche. Ishirini na sita, chini ya kivuli cha migomba, maana mkarafuu mchanga haulistahamili jua kali. Kila mche nimeuzungushia fito ili ng'ombe wasiutafune. Pandu alikuwa na ng'ombe. Time kaja kuuliza kama kuna kazi. Nikampa jembe. Ningemwambia nini?

Tulifanya kazi vizuri kwa saa nzima. Yeye anachimba, mimi natia mche na samadi. Halafu akasimama na jembe mkononi, bila ya kunitazama.

"Mimi ndiye niliyemuua, Bi Raya."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Asubuhi ile tuligombana. Kitu kidogo, paa la jikoni linavuja. Nikamwambia mwanamme gani asiyeweza kuziba tundu. Akaondoka hajanywa chai. Kwa hasira zile ndiyo akapanda mti aliokatazwa. Mawifi zangu wamenambia wazi. Na mimi nikikaa nikifikiri, naona kweli. Makame hakuwa mbishi. Nilimfanya mbishi siku ile."

Nilikuwa nimepiga magoti, mche mkononi. Nikasema, "Usiseme hivyo." Basi. Hayo tu ndiyo yaliyonitoka. Nikampa mche mwengine, akaupokea. Tukamaliza kumi na mmoja iliyobaki.

Ijumaa, 9 Mei

Mwoga. Nimeandika ili nilione.

Na kuna zaidi. Asubuhi ile Makame alikunywa chai kwangu. Chai na muhogo wa kuchemsha, barazani. Aliniomba atoke mapema alasiri akatafute makuti ya kuezekea jiko. Alicheka, akasema nyumbani kuna vita vya paa. Hakuwa na hasira hata chembe. Miezi minane nimelikalia neno hilo. Neno moja, na mwanamke yule angelala usingizi.

Lakini siwezi kumpa la chai nikamficha la mti. Akijua alikuwa ametulia, atauliza: basi kwa nini alipanda?

Alhamisi, 15 Mei

Kijivu kakata kamba asubuhi. Tulimkuta kisimani. Fahali aliyekataa njia ile miezi minane kasimama chini ya mkarafuu, kichwa chini, ananusa ardhi pale pale. Pale Makame alipoangukia. Hakuna alama yoyote, nyasi zimeota. Yeye anapajua. Pandu alimvuta, hakwenda. Alitoka mwenyewe baada ya nusu saa, na alipofika kwenye mgomba wa mwisho akaanza kutetemeka. Jioni Pandu alitaka kumrudisha kunywa maji. Kakita miguu kama zamani.

Pandu akaja akasimama mlangoni, kofia mkononi. Akasema mti ukatwe au atafute kazi kwengine. Akaongeza kwa adabu kwamba hatishii, anaogopa tu.

Nikamwambia ukatwe. Akasema mkataji miti mzuri hapa karibu ni Ussi, mdogo wake marehemu, ana msumeno wa mashine. Nikasema atafutwe mwengine. Akasema ameshazungumza naye. Anakuja Jumatatu.

Jumatatu, 19 Mei

Nitaandika yote, hata kama mkono umechoka.

Ussi kafika saa tatu. Kijana wa miaka thelathini na kitu, mabega ya Makame, shingo ya Makame. Kauzunguka mti, kaugonga kwa mgongo wa panga. Unatoa sauti ya ngoma. Akasema ukiangushwa mzima utalalia kisima na miche mipya, kwa hiyo atapanda kwanza akate kilele, kisha shina. Akajifunga kamba kiunoni. Akaanza kupanda.

Nikamwambia asipande. Akacheka kidogo.

"Usiwe na wasiwasi, Bi Raya. Mimi nnapanda kwa ruhusa yako. Si kama marehemu."

Alisema bila ya ubaya. Alikuwa ananiheshimu. Alikuwa na aibu kwa ajili ya ndugu yake mbele yangu.

Nikaenda nikamshika mguu. Mimi, mwanamke wa umri huu, nimemshika mwanamme kifundo mbele ya Pandu. Nikasema, "Shuka. Marehemu hakupanda kwa ubishi. Nilimtuma mimi. Alinambia anaogopa, nikamwambia panda."

Mashine ya msumeno ilikuwa chini, imezimwa. Ngoe juu ilikuwa inagonga.

Ussi alishuka. Akajifungua kamba polepole, akaikunja vizuri, kama mtu anayefanya kazi yake. Akaniuliza jambo moja: "Na ile kwamba ulimkataza?" Nikasema nilisema uongo. Akachukua msumeno wake akaondoka. Hakuaga. Pandu alikuwa amekaa chini, uso mikononi.

Nikajua nikichelewa Time atasikia kwa mwengine. Nikavaa buibui, nikatoka mvuani. Nyumba yake iko karibu na barabara, robo saa kwa miguu. Alikuwa anapepeta mchele. Akasema shikamoo. Sikuitika. Sikuweza kuipokea.

Nilimwambia nimesimama. Mti, maneno ya Makame, maneno yangu, uongo wangu. Kisha chai, muhogo, makuti, vita vya paa. Sikulia. Nilikuwa nimejikataza kulia, maana angelazimika kuninyamazisha.

Ungo ulikuwa mapajani mwake muda wote. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini mno.

"Alikwambia anaogopa?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi miaka kumi na sita hajanambia hata siku moja kama kuna kitu anakiogopa. Wewe kakwambia. Na wewe ukampandisha."

Kuku aliingia akaanza kula mchele uliomwagika. Hatukumfukuza.

Baadaye akasema, "Nenda kwa sheha ukaseme hivyo hivyo ulivyonambia. Na kwa mawifi zangu. Usibadilishe neno."

Nikasema nitakwenda. Akauvuta ungo karibu, akaendelea kupepeta. Nikaondoka. Sina cha kuongeza.

Jumanne, 20 Mei

Kwa mawifi zake. Wawili, wamekaa kitandani bega kwa bega. Mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nitoke. Mdogo alinifuata mpaka uwani, nikadhani atanipiga. Alitaka kujua kama Makame alisema lolote garini. Nikamwambia ukweli: alishahadia, halafu akauliza nani atawafungua ng'ombe.

Akalia pale nje, mkono ukutani.

Ijumaa, 23 Mei

Kwa sheha jana, polisi leo. Askari aliandika polepole, akanisomea, nikatia saini. Kasema nitaitwa. Hakunitazama kwa ubaya. Ningependa angenitazama kwa ubaya.

Habari imeshaenea. Dukani nilitoa salamu, walioitikia ni wawili. Mwanamke mmoja niliyemsomeshea watoto wake kaondoa kiti chake kunipisha, lakini si kwa heshima.

Nilidhani nikisema nitakuwa mwepesi. Si mwepesi. Ila sasa nnajua uzito wake ni kiasi gani. Zamani ulikuwa hauna mwisho.

Pandu kapuliza dawa ng'ombe wote peke yake. Nikamwambia akitaka kuondoka sitamlaumu. Akasema, "Mimi kazi yangu ng'ombe, Bi Raya. Ng'ombe hawakufanya kitu."

Alhamisi, 29 Mei

Ussi karudi bila ya kuitwa, na wanaume watatu wa kwao na kamba nene. Akazungumza na Pandu tu. Akasema mti ule hataki mtu mwengine aukate.

Hakuna aliyepanda. Waliufunga kamba kwa kutupia jiwe juu, wakauvuta upande wa bondeni, akaukata kwa chini. Miche minne imevunjika na ukingo wa kisima umepata ufa. Ungeweza kukatwa hivyo hivyo mwaka jana. Miche minne. Hiyo ndiyo ingekuwa gharama yake.

Ndani hamna mti. Udongo wa mchwa mtupu, mwekundu, umepanda kutoka kwenye mizizi mpaka juu ya pale tawi lilipokatikia. Ussi alitia mkono ukaingia mpaka begani. Akautoa, akautazama. Wenzake wakageuza nyuso. Majani yale mekundu yaliyokuwa yakinitia tamaa yalikuwa yanaishi kwa gome tu.

Ngoe ilianguka haikuvunjika. Akaifuta kwa shati lake, akaondoka nayo. Chai niliyoweka hawakuigusa.

Jumamosi, 31 Mei

Mti haupo. Ngoe haipo.

Saa nne kasoro: miwili mirefu, kimya, mmoja mfupi.

Nilikuwa naanika majani. Ng'ombe wakainua vichwa. Safari hii sikukimbilia ndani. Nikasimama mpaka ukaisha. Nikasema kwa sauti, nimeshasema, Makame. Hakuna kilichojibu. Pandu alikuwa nyuma yangu, akajitia hakusikia.

Labda deni haliishi kwa kulipwa mara moja. Labda ni ndege. Sijui. Kijivu naye bado hapiti. Tumekata njia nyengine ya maji, inazunguka minazini.

Jumamosi, 7 Juni

Iddi ya kuchinja. Maksai watatu waliondoka wiki hii kwenda mjini, wamenona, migongo imelala kama meza. Wa nne tumemchinja hapa. Kisu kikali, mnyama katulizwa, wenzake wamefichwa wasione. Makame alikuwa hodari wa kuwatuliza.

Nimegawa nyama kijiji chote. Nyumba nyengine walipokea mlangoni, nyengine walimtuma mtoto apokee. Bakuli la Time limerudi. Nyama imo vile vile, imefunikwa kawa langu mwenyewe. Aliyelirudisha kaliweka mlangoni, akaenda zake.

Nimeipika nikawapa paka. Sikuweza kuila.

Jumanne, 24 Juni

Mvua zimekwisha. Upepo wa kusi, asubuhi za baridi. Nimemaliza kupaka majeraha ya miti yote iliyokatwa matawi. Mitatu mingine nimeigonga ikatoa sauti nisiyoipenda. Imezaa vizuri, makole ya karafuu yamejaa. Nimeikata. Pandu aliniuliza mara mbili kama nna hakika.

Nimeitwa polisi mara ya pili. Shauri limepelekwa mbele, hawajui litaamuliwa lini. Nimesema nitakuwepo.

Jumatano, 16 Julai

Siku ya tatu ya kuchuma. Wachumaji wanne tu, wote wa mbali, Bumbwini na kwengineko. Wa hapa hawakuja. Nyingi zitabaki mtini, zitafunguka, zitaanguka. Acha zianguke.

Time kaja asubuhi. Kavaa nguo za safari, begi moja mkononi, gari inamngoja barabarani. Anahamia Chukwani kwa dada yake mkubwa, kuna kazi ya kupika. Nyumba kamwachia wifi mdogo. Nikamkaribisha, hakukaa.

Alitazama karafuu kwenye majamvi, akatazama wachumaji. Akauliza kama wanafungwa kamba. Nikasema wanafungwa, na mti wanaoutilia shaka wanauacha. Akatikisa kichwa kuwa amesikia.

Kisha akasema, "Watu wananambia nikusamehe. Siku ya Iddi wamenambia, jana wamenambia tena. Mimi bado. Nikikusamehe nitakuja mwenyewe kukwambia. Usinitumie mtu."

Nikasema sitamtuma.

"Na nisipokuja, basi ujue sijakusamehe."

Nikasema nitajua.

Akabadilisha mkono wa begi, akaondoka. Sikumsindikiza, hakutaka. Nilimwona mpaka kwenye mwembe wa njia panda, halafu majani yakamficha.

Nimerudi kwenye jamvi. Nimechambua mpaka adhuhuri, karafuu huku, vijiti vya makonyo kule. Baada ya sala nimezigeuza zikauke upande wa pili. Jua kali, hakuna wingu. Zitakauka kesho kutwa.